Kiatu cha Kushoto Kilichozidi

Kabla ya salamu, bei. Jambo hili lote lilinigharimu vidole viwili vya mguu wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, pamoja na meza yangu ya kona pale steji ya Kawangware 56, ambapo sasa mtu mwingine anauza kava za simu. Nimehesabu mara mbili. Mke wangu aliponisikia nikianza hivi aliuliza, "Baba Mercy, huo ni ushuhuda ama ni risiti?" Akataka nianze kwa kumshukuru Mungu. Namshukuru, na kwa hilo sina utani. Lakini sitaki mtu asome hadi mwisho akidhani nilipona bure.

Mimi nauza viatu vya mtumba. Naishi Kianda, Kibera, upande wa Olympic, chumba kimoja chenye pazia katikati ili kiitwe viwili. Miaka yote hiyo nilikuwa nikienda Kawangware kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, nikiwacheka wanaolipa nauli. Nilikuwa na kifua kipana, tumbo la heshima, na sauti ya kusikika hadi kwenye steji.

Kazi ya viatu ina sheria moja. Mezani unapanga vya kushoto peke yake. Vya kulia vinakaa ndani ya gunia, chini ya meza, katikati ya miguu yako. Mwizi akinyakua ananyakua kimoja, na kiatu kimoja hakimfai mtu ila mwenye mguu mmoja, na huyo hawezi kukimbia mbali. Jioni unahesabu vya kushoto, halafu unahesabu vya kulia. Vikilingana unaenda nyumbani. Mimi kila upande nilihesabu mara mbili, na Omosh, jirani yangu mwenye duka la hadiwea, alizoea kunipigia kelele: "Mzee, hivyo viatu havizaani! Funga twende!"

Nilijivunia kichwa changu. Kuuza mtumba ni kusoma watu. Kastama anakuja bei yake akiwa ameificha moyoni, anashika kiatu kama hakitaki, na wewe unatazama kidole gumba chake kinavyobonyeza ngozi, ukajua ataongeza. Sikuwahi kuandika chochote. Nilijua kila kiatu kililala wapi ndani ya gunia.

Kisha kichwa kikaanza kunitoka.

Kwanza ilikuwa baada ya kula mchana. Usingizi ulinishika nikiwa wima, mkono ukiwa juu ya kiatu, kastama mbele yangu akiongea, nami naona mdomo tu ukifunguka. Mara nyingine nilitaja bei, kastama akakubali papo hapo, nikashtuka kwamba nimetaja bei niliyonunulia. Siku moja nilimfungia mama mmoja viatu vyake nikamwekea kwenye karatasi. Alirudi kesho yake akiwa amevivaa hivyo hivyo ili watu wote waone: kushoto cha kahawia chenye kamba, kulia cheusi cha kanisani.

"Mzee, nimevaa nini hapa?" aliuliza kwa sauti. "Duka lote?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini jioni ile nilihesabu mara tatu.

Kulikuwa na mengine ambayo sikuyaunganisha. Nilikuwa naamka kukojoa mara nyingi. Macho yalikuwa na ukungu. Na miguu, ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa ikiwaka moto usiku kana kwamba nimesimama kwenye jiko, iliacha kuwaka. Nilidhani imepona. Kumbe ilikuwa inaniaga.

Wakati huo ndipo Wanja alipofungua kibanda cha juisi mkabala na meza yangu. Alikuwa msichana mchangamfu, mwenye mashine ya kukamua miwa, blenda, na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: JUISI YA KUKAZA AKILI. Alitia miwa, bitiruti, karoti, embe na tangawizi. Wanafunzi wenye mtihani walikunywa. Watu wa bodaboda walikunywa. Siku ya yule mama wa viatu visivyofanana aliniita.

"Niaje mzee. Nimekuona leo. Kichwa imejaa. Kunywa hii utaona vile utakaa makini."

"Makini ni pesa ngapi?"

Akataja bei ya glasi. Nikacheka kile kicheko cha sokoni, cha kumfanya mtu aone haya hata kama hana kosa.

"Kwa bei hiyo unaniuzia juisi ama shamba la miwa?"

"Ni matunda freshi, mzee. Si rangi."

"Sikiliza. Mimi nitakuwa kastama wa kila siku. Nipe jagi kwa bei ya glasi mbili. Na usiweke maji. Maji niko nayo nyumbani."

"Bila maji itakuwa nzito sana. Utamu utakushinda."

"Utamu haujawahi kunishinda. Halafu embe ongeza."

Alishika kiuno, akaangalia juu, akaangalia jagi, akakubali. Nilijua nimempiga bei. Hiyo ndiyo furaha yangu mimi. Wengine wana pombe. Ikumbuke hiyo furaha tukiendelea.

Jagi la kwanza lilifanya kazi. Sitaki kudanganya mtu. Ndani ya muda mfupi niliona kama mtu amefungua dirisha kichwani. Rangi za viatu zilirudi. Niliuza vizuri hadi saa nane, halafu dirisha likafungwa kwa kishindo na nikawa mbaya kuliko asubuhi. Kwa hivyo nilikunywa lingine, nalo likafungua dirisha, lakini si sana.

Nikaacha chakula cha mchana. Nilijiambia kwamba juisi ni chakula, tena kilichokwisha kutafunwa na mashine, unabaki tu kumeza. Jioni nikaacha ugali. Mke wangu, Nekesa, alinitazama nikimwaga juisi niliyobeba kwenye chupa ya maji, akauliza, "Na meno yako yatafanya kazi gani?" Nikamwambia yanapumzika.

Tumbo la heshima likaondoka. Nilitoboa mshipi tundu jipya, kisha jingine. Omosh alinipongeza: "Mzee umekuwa slim kama kijana! Hiyo juisi nami nitaijaribu." Kiu ikaanza. Si kiu ya jua. Ulimi ulishikamana na kaakaa hadi ukivutwa unasikia sauti yake ukibanduka. Kiu hiyo niliitibu kwa juisi, na baada ya juisi ilirudi ikiwa na njaa zaidi. Mdomo wangu ukawa na harufu ya matunda yaliyooza kidogo. Kastama mmoja aliniuliza kama nauza ndizi pia.

Na hesabu zangu zikaanza kuwa na mtu.

Sijui niseme vipi. Nikihesabu viatu moyoni, nilisikia kama kuna mwingine anahesabu pamoja nami, akiwa mbele kwa namba moja. Mimi nikifika kumi, yeye amekwisha kusema kumi na moja. Sauti haikuwa ya kutisha. Ilikuwa kama yangu, ila ya mtu asiyechoka.

Asubuhi moja Nekesa aliniita nyuma ya pazia. Usiku sisi hatutoki kwenda chooni, kuna ndoo. Alikuwa amesimama mbele ya ile ndoo ameshika ufagio bila kufagia. Mstari mweusi wa sisimizi ulikuwa umetoka chini ya mlango, ukapita kando ya ukuta wa mabati, ukapanda ndoo na kuingia. Walikuwa wengi hadi ukingo wa ndoo ulionekana kama unatembea. Ndoo ya maji safi iliyokuwa hapo karibu hawakuigusa. Hata sukari yenyewe, iliyokuwa rafuni kwenye mkebe usiofunga vizuri, hawakuigusa.

"Wamefuata nini?" niliuliza.

Nekesa aliutazama ule mstari. Kisha akasema, "Nyumbani, kabla mama hajatuacha, choo chetu kilikuwa hivi." Akafagia. Kesho yake walirudi.

Alinisihi twende kliniki. Nilimwambia kliniki ni kwa watu wanaoumwa, na mimi sikuwa naumwa popote. Hilo lilikuwa kweli. Sikuwa naumwa popote.

Wiki hiyo hiyo kiatu kilizidi.

Ilikuwa jioni, jua lingali juu ya mabati. Nilihesabu vya kulia ndani ya gunia: thelathini. Nikahesabu vya kushoto mezani: thelathini na kimoja. Nikarudia. Ile sauti ilinitangulia ikasema thelathini na moja, nami nikafika hapo hapo. Wezi nawajua. Sijawahi kusikia mwizi anayeleta.

Nikavipitia kimoja kimoja hadi nikakiona. Kilikuwa cheusi, cha ngozi, kimekunjika pale vidole vinapokunjia. Kilikuwa kimepangwa vizuri, mdomo ukinitazama kama vingine vyote. Nilikichukua. Ndani kilikuwa na joto.

Nilikiachilia kikaanguka chini. Nikamwita Omosh. Alikuja akifuta mikono, tukahesabu pamoja, yeye kwa sauti na mimi kwa kidole. Kushoto thelathini. Kulia thelathini.

"Mzee, umechoka," alisema.

"Kilikuwa hapa. Kilikuwa na joto."

Omosh alitazama ile meza kama anaiona mara ya kwanza. "Unajua hivi viatu vinatoka wapi? Mtu anakufa huko ng'ambo, watoto wake wanapeleka kila kitu. Labda mwenyewe amekuja kuchukua chake."

"Basi alipe," nilisema. Tulicheka, lakini aliondoka haraka, na siku hizo hakuniambia tena nifunge twende.

Kesho yake jioni kilikuwepo tena. Cheusi kile kile, chenye joto na unyevu kama mdomo wa mtu. Niligeuka kumwita Omosh, na nilipogeuka tena meza ilikuwa sawa.

Jioni ya tatu niliamua kwamba huyu mtu wa ng'ambo hatanifanya mjinga. Nilihesabu, nikapata kimezidi, nikakikamata bila kugeuka wala kuita mtu. Nilikifunga ndani ya mfuko wa nailoni mafundo mawili, nikakiweka ndani ya sanduku la mbao ninalokalia mchana, nikatia kufuli. Nikavuta kufuli mara mbili. Nikachukua chupa yangu ya juisi na kuanza safari ya kwenda nyumbani.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Nakumbuka watu walinitazama. Si usoni. Walitazama chini, kisha usoni, kisha wakanipisha. Mama mmoja anayechoma mahindi alisema, "Mzee, pole," na mimi nikamjibu, "Poa," nikashangaa ananipa pole ya nini. Nilisikia nyuma yangu hatua mbili zisizofanana, moja ya kugonga na nyingine ya kupiga maji: ko, chwa, ko, chwa. Niliposimama zilisimama. Nilipoharakisha ziliharakisha. Nilijua ni yeye. Nilijua ametoka kwenye sanduku na anakuja na kiatu kimoja kudai kingine. Sikugeuka hadi Kianda.

Nekesa alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Alinyanyua macho, ungo ukasimama mikononi mwake.

"Baba Mercy. Kiatu chako kiko wapi?"

"Kiatu gani?"

Aliashiria kwa kidevu. Nikatazama chini. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cheusi cha ngozi, kimekunjika pale vidole vinapokunjia. Mguu wa kushoto ulikuwa na soksi tu, na soksi ilikuwa tope tupu hadi kwenye fundo la mguu. Chini ya vidole vya mwisho kulikuwa na kitu kinang'aa. Nekesa alipiga magoti akakishika. Ulikuwa msumari wa mabati, ule wenye kofia pana. Umeingia wote. Kofia yake ilikuwa imelala kwenye soksi kama kifungo cha shati.

Aliuchomoa. Niliona damu ikifuata, nyeusi na nzito. Nilikuwa nautazama ule mguu kama mguu wa mtu aliyelala karibu nami. Sikusikia chochote. Hata upepo wa yeye kupuliza tope sikuusikia.

"Inauma?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ikiomba niseme ndiyo.

"Hapana."

Akaanza kulia.

Hapa mtu mwenye akili angeenda hospitali. Mimi niliwaza hivi: kitu kisichouma ni kidogo, na kitu kidogo mtu hakilipii. Nekesa aliosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakifunga kitambaa, na asubuhi nilirudi Kawangware kwa bodaboda nikiwa na ndala. Nilifungua sanduku. Kiatu kilikuwa ndani ya mfuko, mafundo mawili, kimepoa. Nikakivaa. Bado sikuelewa. Nilidhani marehemu amenipa.

Siku zilizofuata ni vipande. Nakumbuka harufu, na nakumbuka kuwalaumu watu wa nyama choma kwamba nyama yao imeoza. Nakumbuka kuvua soksi na kukuta kidole kidogo kimekuwa na rangi ya zambarau, kisha siku nyingine kimekuwa cheusi, na mstari wa sisimizi ukitoka chini ya meza kuja kwangu mimi, si kwa Wanja mwenye miwa. Wanja alisema, "Mzee, leo hapana, macho yako si poa," nami nikamwambia tulikubaliana, na makubaliano ni makubaliano. Aliniwekea jagi. Nilikunywa nimesimama. Nikaanza kuhesabu viatu, na ile sauti haikunitangulia kwa namba moja tena. Ilikimbia. Ilifika mia, ilifika elfu, ikihesabu viatu ambavyo sikuwa navyo, na meza ikawa ndefu, viatu vya kushoto vimepangwa hadi mwisho wa barabara, vyote mdomo wazi, vyote ndani vina joto. Nilisema kwa sauti kubwa, "Nani atavaa hivi vyote?" Halafu nikaanguka juu ya meza.

Omosh na watu wa bodaboda ndio walionibeba.

Hospitalini walinitoboa kidole wakaweka damu kwenye kile kimashine cha sukari. Nekesa ndiye aliyenisimulia. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye miwani, alitazama kioo cha mashine akatikisa kichwa.

"Inasema ngapi?" Nekesa aliuliza.

"Haisemi. Sukari imepita mahali mashine inaweza kuhesabu."

Inasemekana nilifumbua macho nikasema, "Rudia. Mara mbili." Wakarudia. Mashine ikashindwa tena. Miaka yangu yote ya hesabu, na damu yangu yenyewe ilikuwa haihesabiki.

Waliniwekea maji kwenye mshipa, mikono yote miwili, na insulini. Nilirudi polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani. Kitu cha kwanza nilichogundua ni ukimya. Ile sauti ilikuwa imeondoka. Sitakuficha: niliisikiliza kidogo, nikaikosa.

Daktari alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliniambia ugonjwa wa sukari haukuanza na juisi. Labda ulikuwa ndani yangu kwa miaka, ukila mishipa ya miguu, ndiyo maana iliwaka halafu ikanyamaza. "Lakini ulipoanza kuishi kwa juisi," alisema, "ilikuwa kama kumwagia moto mafuta ya taa. Tena ukiona moto umepanda, unamwaga mengine."

"Lakini ilinikaza akili, daktari. Mwanzo ilinikaza."

"Ulihisi hivyo, sitakubishia. Ubongo unataka sukari kidogo kidogo siku nzima. Wewe uliumwagia jagi, ikapanda, ikakulewesha, ukakojoa maji yote ya mwili. Hapo akili itakaa wapi? Hilo embe ungelila kwa meno, moja, pamoja na chakula, tusingekuwa tunaongea hivi." Aliangalia karatasi yake. "Jagi zima bila maji! Nani alikuuzia hivyo?"

"Hakuniuzia. Mimi nilimlazimisha."

Kisha alifunua mguu wangu. Alitoa kalamu ya wino mfukoni, akachora mstari juu ya ngozi, kutoka upande hadi upande, katikati ya unyayo na fundo la mguu. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi kama makaa, na wekundu ulikuwa unapanda kuelekea juu.

"Vidole viwili hivi vimekufa. Vitaondoka leo," alisema. "Mguu bado sijui. Wekundu ukibaki chini ya huu mstari, tutauacha. Ukiupita, tutakata hapa." Akaweka kiganja chini ya goti langu.

Nilifanya ninachojua kufanya. "Daktari, hiyo ni bei ya kwanza. Tuongee."

"Hapa hatuuzi, mzee."

"Basi chora mstari juu kidogo."

Hakucheka. "Hata nikiuchora shingoni," alisema, "ugonjwa hausomi."

Hakuna kastama aliyewahi kunijibu hivyo.

Baada ya kukatwa vidole, kazi yangu ikawa moja: ule mstari. Sikuweza kuusikia mguu, na macho yangu yalikuwa bado na ukungu, kwa hivyo sikujua kama wekundu unapanda au umelala. Asubuhi kabla ya madaktari Nekesa alikuja kutoka Kianda, akainua shuka, akaweka kidole chake kati ya wekundu na wino.

"Kidole kimoja kinaingia," alisema siku ya kwanza.

Siku iliyofuata nilimshika mkono kabla hajashusha shuka.

"Nusu," alisema.

Niliangalia dari. Nilikuwa nikimwona mtu ameketi Kianda mlangoni, mbele yake viatu vya kushoto vimepangwa, vyote vizuri, na hakuna hata kimoja kinachomhusu. Nilimwomba Mungu bila kupatana naye bei. Sikumwahidi kitu. Nilisema tu, huu mguu nauhitaji.

Asubuhi iliyofuata Nekesa alipima, akapima tena. Amejifunza kwangu. "Nusu," alisema. "Ni nusu ile ile. Imesimama." Na siku iliyofuata kidole chake kikaingia chote, kisha viwili.

Wanja alikuja kunitazama. Alikuwa amebeba chupa. Nekesa alisimama mlangoni mwa wodi kama askari. "Hiyo ni nini, mrembo?"

"Ni maji, mama. Ni maji tu. Naapa." Akaifungua akainywa mwenyewe kuonyesha. Halafu akalia, akaniomba msamaha. Nilimwambia aache. Yeye aliuza glasi. Jagi niliomba mimi. Nasikia ule ubao wake ameufuta, ameandika JUISI basi, na anawauliza wazee kama wamepimwa sukari kabla hajawasha blenda. Anapoteza kastama wengine. Anasema afadhali.

Omosh ndiye aliyenifungulia fumbo la kiatu. Alikaa kwenye kiti cha wageni, kofia mkononi, kama yuko matangani.

"Mzee, ile siku uliyofungia kiatu kwenye sanduku nilikutazama. Jioni ulivua kiatu chako cha kushoto. Ulikivua tu hivi, kwa kisigino, hata hukutazama. Ukakipangusa kwa kile kitambaa chako, ukakipanga mezani. Halafu ukaanza kuhesabu."

"Na zile siku zingine?"

"Naona ulikuwa unakitia mguuni tena ukigeuka kuniita. Mguu ulikuwa unakitafuta wenyewe."

"Mbona hukusema?"

Alizungusha kofia. "Niliogopa. Vile ulikipangusa, mzee, hukuwa wewe. Ulikipangusa kama cha mtu amekufa."

Leo nauza viatu mbele ya nyumba, Kianda, nikiwa nimeketi. Najidunga insulini asubuhi na jioni. Nakula ugali wa ukubwa wa ngumi, sukuma nyingi, maharagwe au omena, na tunda moja nalitafuna kwa meno, yamerudi kazini. Kichwa kimerudi polepole, bila dirisha kufunguka wala kufungwa. Mama mmoja juzi alijaribu kunichezea bei, nikamsoma kidole gumba, akaongeza. Nilifurahi hadi Nekesa akanisikia ndani.

Wewe unayesoma, nakuomba hivi. Ukiona kiu isiyoshiba, au sisimizi wakipendelea ndoo yako kuliko mkebe wa sukari, usitafute mchawi. Kapimwe. Mtu akikwambia kuna kinywaji cha kukaza akili, uliza kwanza akili imelegezwa na nini. Na usiku ukivua viatu, tazama nyayo zako, zote mbili, kwa kioo kama huwezi kuinama. Mguu unaouma unakuita. Usiokuita ndio wa kuufuata.

Sasa nina swali langu, na hili daktari hakulimaliza. Alisema hutokea, kwamba mishipa hukumbuka. Vidole vitatu vilivyobaki kwenye mguu wa kushoto havisikii kitu. Nekesa huvigusa kwa maji ya baridi nikiwa nimefumba macho, nami nasema bado hajagusa. Lakini vile viwili ambavyo havipo vinasikia. Vinasikia tope. Vinasikia msumari ukiingia taratibu, kofia yake ikilala. Jioni nikimaliza kuhesabu, upande wa kushoto na upande wa kulia, mara mbili, hesabu zikalingana, vile vidole vinaanza kuwasha, nami nainama kukuna na mkono unapita hewani.

Kama kuna mtu aliyewahi kupitia hili, au anayejua namna ya kukuna kidole ambacho hakipo, apite Kianda aniambie. Nitampa viatu kwa bei ya kununulia. Vyote viwili.